Ngazi, Ukubwa na Daraja: Tathmini ya Huduma Tatu za Bure za Kuvielewa Vyeti vya Shule vya Uingereza

Mzazi anayesomesha mtoto Uingereza, au mtu mzima anayetafuta kazi au nafasi ya masomo huko, hukutana mapema na utitiri wa majina ya vyeti: GCSE, AS, A-Level, T Level, BTEC, NVQ, HNC, HND, na juu ya majina hayo kuna namba za ngazi, pamoja na madaraja yanayoandikwa mara kwa herufi na mara kwa tarakimu. Washauri wa kulipia hawakosekani, lakini kabla ya kumlipa yeyote zipo huduma tatu za bure ambazo mtu anaweza kuzifungua kwenye simu yake. Ya kwanza ni ukurasa wa GOV.UK, tovuti ya serikali, unaoeleza maana ya ngazi za vyeti. Ya pili ni rejista ya vyeti vinavyodhibitiwa, inayotunzwa na Ofqual, mdhibiti wa mitihani na vyeti wa England. Ya tatu ni kikokotoo cha pointi cha UCAS, taasisi inayopokea maombi ya kujiunga na vyuo vikuu. Nimezitumia zote tatu kwa mahitaji ya nyumbani kwangu na kwa kuwasaidia jamaa, na ninaziheshimu, kwani kila moja inafanya kazi yake kwa uaminifu. Hata hivyo hakuna hata moja inayojitosheleza, kwa sababu cheti cha Uingereza hupimwa kwa vipimo vitatu, na kila huduma inashughulikia kimoja kwa ukamilifu huku ikivigusa vingine juujuu.

Vipimo hivyo ni bora vitenganishwe tangu mwanzo. Ngazi hueleza ugumu wa yanayosomwa. Ukubwa hueleza wingi wake, yaani saa ambazo mwanafunzi anatarajiwa kuzitumia mpaka amalize. Daraja hueleza jinsi mtahiniwa mwenyewe alivyofanya. Karibu kila mkanganyiko niliowahi kuuona, uwe wa mzazi, wa mwajiri au hata wa mtumishi wa chuo, ulitokana na mtu kuchukua kipimo kimoja akidhani ameshika vyote vitatu.

Ukurasa wa GOV.UK ndio mahali pazuri pa kuanzia. Umeandikwa kwa lugha rahisi, hauna matangazo, na unapanga vyeti vya England, Wales na Ireland ya Kaskazini kuanzia ngazi ya kuingilia, ambayo yenyewe ina hatua tatu ndani yake, kisha ngazi ya 1 hadi ya 8. Mtu aliyezoea kuwaza kwa mpangilio wa shule, chuo na chuo kikuu atauona mpangilio huo humo bila taabu: A-Level, mitihani ya darasani ya baada ya miaka 16, na T Level, kozi za ufundi za umri huohuo, zipo ngazi ya 3, cheti cha HNC kipo ngazi ya 4 na stashahada ya HND ngazi ya 5, shahada ya kwanza ipo ngazi ya 6, uzamili ngazi ya 7, na uzamivu ngazi ya 8. Vyeti vya ufundi na vya uanagenzi vimewekwa bega kwa bega na vile vya darasani, na hilo nalisifu kwa dhati, kwa maana kijana anayejifunza ufundi wa umeme kwa uanagenzi wa ngazi ya 3 anasomea mambo yenye ugumu unaohesabiwa sawa na wa mwenzake anayesoma A-Level ya historia. Katika familia nyingi ufundi bado unatazamwa kuwa njia ya walioshindwa, na jedwali rasmi la serikali lina uzito wa kulimaliza bishano hilo mezani.

Jambo kubwa zaidi ambalo ukurasa huo unaliweka wazi, na ambalo wazazi wengi hulifahamu wakati umekwisha kupita, ni kwamba GCSE haina ngazi moja. Mtihani huu hufanywa kwa kawaida mwanafunzi akiwa na miaka 16, mwishoni mwa mwaka wa 11. Anayepata daraja la 9 hadi la 4 anahesabiwa kuwa amefikia ngazi ya 2. Anayepata daraja la 3, la 2 au la 1 katika somo lilelile na kwa mtihani uleule anahesabiwa kuwa amefikia ngazi ya 1. Kwa hiyo karatasi moja ya matokeo inaweza kubeba ngazi mbili kwa pamoja, Kiingereza kikiwa ngazi ya 2 na hisabati ngazi ya 1, na hakuna kitu kwenye karatasi hiyo kinachomtangazia mzazi hivyo. Tangazo la kazi linapodai ngazi ya 2 ya Kiingereza na hisabati, linadai daraja la 4 au zaidi katika masomo hayo mawili, hata kama halikuitaja GCSE kwa jina.

Athari zake zinaonekana mara tu baada ya matokeo ya Agosti. Huko England, kijana wa miaka 16 hadi 19 ambaye hakupata daraja la 4 katika Kiingereza au hisabati hulazimika kuendelea na somo hilo chuoni, na hilo ni sharti la fedha ambazo serikali inakipatia chuo kwa ajili yake. Aliyepata daraja la 3 na anasoma kwa muda wote hurudia GCSE yenyewe. Aliyepata chini ya hapo anaweza kuelekezwa kwenye mitihani ya stadi za matumizi iitwayo Functional Skills. Nafasi ya kurudia Kiingereza na hisabati hupatikana pia Novemba, kwa hiyo si lazima mtu asubiri mwaka mzima. Mambo haya mtu huyakuta kwenye kurasa nyingine, ilhali yalistahili kuwekewa kiungo palepale penye maelezo ya ngazi, kwa sababu mzazi anayeona kwa mara ya kwanza kwamba daraja la 3 lipo ngazi ya 1 anataka kujua papo hapo nini kinafuata.

Upungufu mwingine unaniuma zaidi. Ukurasa haugusi kabisa suala la mikondo ya mtihani, ambalo ndilo linaloamua mapema kikomo cha mtoto. Mtihani wa GCSE wa hisabati huko England una mikondo miwili. Katika mkondo wa msingi, daraja la juu kabisa linalopatikana ni la 5, hata mtahiniwa akijibu kila swali kwa usahihi. Katika mkondo wa juu madaraja ni ya 9 hadi ya 4, na la 3 hutolewa kwa waliokosa la 4 kwa alama chache tu. Anayeanguka chini ya hapo huandikiwa U, yaani hakupata daraja lolote. Masomo ya sayansi na lugha za kigeni yana mikondo pia, ilhali Kiingereza, cha lugha na cha fasihi, hakina. Mtoto anayekusudia kusoma A-Level ya hisabati, ambayo shule nyingi huidai daraja la 6 au la 7, hawezi kufika huko kwa kupitia mkondo wa msingi. Uamuzi wa mkondo hufanywa na shule, mara nyingi kwa kutazama mazoezi ya mwaka wa 10 na wa 11, na mzazi ana haki ya kuuliza mtoto wake amewekwa wapi na kwa sababu gani. Nawasihi wazazi waulize swali hilo katika kikao cha kwanza cha mwaka wa 10, bila kungoja barua ya kuandikishwa mtihani.

Kuhusu madaraja yenyewe, ukurasa unayataja ya tarakimu na ya herufi kwa pamoja, hivyo mtu anaona kwamba A* hadi C za zamani zimo ngazi ya 2 pamoja na 9 hadi 4. Usichokieleza ni uhusiano kati ya mifumo hiyo miwili. Tarakimu zilianza kutumika England katika matokeo ya 2017, kwanza kwa Kiingereza na hisabati, kisha masomo mengine yakafuata. Mwanzo wa daraja la 7 uliwekwa sawa na mwanzo wa A, mwanzo wa la 4 sawa na mwanzo wa C, na mwanzo wa la 1 sawa na mwanzo wa G. Maana yake ni kwamba mahali palipokuwa na madaraja mawili ya juu, A na A*, sasa yapo matatu, na 9 ni adimu kuliko A* ilivyokuwa. Daraja la 4 huitwa ufaulu wa kawaida na la 5 ufaulu imara, na baadhi ya shule hudai la 5 kwa anayetaka kuendelea na A-Level. Wales imebaki na herufi A* hadi G. Ireland ya Kaskazini nayo inatumia herufi, ikiwa imeongeza C* mwaka 2019. Familia inayohama kutoka Cardiff kwenda Birmingham katikati ya masomo inahitaji maelezo haya kuliko jedwali lolote la ngazi, lakini itayakuta kwenye machapisho ya Ofqual, si kwenye ukurasa huu.

Jambo jingine dogo la karatasi ya matokeo: anayesoma sayansi ya pamoja huandikiwa daraja la tarakimu mbili, kwa mfano 6-5, na tokeo hilo huhesabiwa kuwa GCSE mbili. Si kosa la uchapaji, wala si matokeo ya mitihani miwili iliyofanywa siku tofauti.

Nikija kwenye ukubwa, hapo ndipo ukurasa wa serikali unapomwacha msomaji njiani. Sentensi moja tu inasema kwamba vyeti vya ngazi moja wakati mwingine hubeba kiasi tofauti cha somo lilelile. Sentensi hiyo ni kweli tupu, lakini imebeba mzigo ambao ungehitaji aya nzima na mfano. Mtihani wa muziki wa daraja la 8 (hapa daraja ni hatua ya mtihani, si tokeo la mtahiniwa) upo ngazi ya 3. A-Level ipo ngazi ya 3. Stashahada kubwa ya BTEC, aina ya vyeti vya masomo ya kikazi, inayomchukua mwanafunzi miaka miwili ya muda wote, nayo ipo ngazi ya 3. Mtu anayesoma jedwali la ngazi peke yake anaweza kuamini kwamba vitu hivi vitatu vinabadilishana, na hapo ndipo watu wanapotumbukia, ama kwa kudharau cheti kizito ama kwa kutegemea chepesi.

Kwa ukubwa, dawa yake ni rejista ya Ofqual. Ofqual ilipoanzisha mfumo unaotumika sasa, RQF, Oktoba 2015, iliufananisha na kabati la vitabu la maktaba ambamo kila kitabu kimeorodheshwa kwa ngazi yake na kwa ukubwa wake, na rejista ndiyo inayomruhusu mtu kulifungua kabati hilo. Ukiandika jina la cheti na la bodi ya mitihani inayokitoa, unapata ukurasa unaotaja ngazi, aina ya madaraja, njia za upimaji, tarehe ambayo cheti kilianza kutolewa, na kama bado kinapatikana kwa wanafunzi wapya au kimefungwa. Muhimu kuliko yote ni mistari miwili ya saa. Mmoja unataja saa za kufundishwa chini ya usimamizi wa mwalimu. Mwingine unataja jumla ya saa zote, pamoja na zile za kujisomea na za kupimwa.

Chukua mfano wa BTEC za ngazi ya 3 za bodi ya Pearson. Cheti kinachoitwa Extended Certificate kina saa 360 za kufundishwa, sawa na A-Level moja. Kinachoitwa Extended Diploma kina saa 1,080, ambazo ni A-Level tatu kamili. Majina yanakaribiana, ngazi ni ileile, nembo ya bodi ni ileile, lakini kimoja ni mara tatu ya kingine. Kijana akirudi nyumbani na kusema ameandikishwa BTEC ya ngazi ya 3, bado hajamwambia mzazi wake jambo lililo muhimu. Namba ya saa ndiyo itakayoonyesha kama ratiba yake imejaa au anahitaji masomo mengine mawili kando yake ili afikie kiwango ambacho vyuo vikuu hutarajia. T Level, zilizoanza Septemba 2020, hazina shida hii, kwa kuwa kila moja imepangwa iwe na ukubwa wa A-Level tatu, na ndani yake mna mafunzo kazini ya saa zisizopungua 315. Upande huu wa ufundi hata hivyo unabadilika mara kwa mara, na baadhi ya BTEC zinafungwa au kupangwa upya, kwa hiyo mstari unaoonyesha kama cheti bado kinapokea wanafunzi wapya usomwe kabla ya kujaza fomu yoyote.

Rejista ina matumizi mengine ambayo peke yake yangetosha kunifanya niipendekeze. Kozi nyingi za mtandaoni hutangazwa kuwa ni stashahada za ngazi ya 3, ya 4 au ya 5, zikiwa na nembo za kuvutia na maneno kama kuidhinishwa na kutambuliwa. Ndugu yangu mmoja alikuwa karibu kulipia kozi ya malezi ya watoto wadogo kwa mtoa mafunzo ambaye sina sababu ya kumtaja. Tulipomwomba namba ya cheti, alijibu kwa maelezo marefu bila namba. Kila cheti kinachodhibitiwa kina namba yake: tarakimu tatu, mkwaju, nne nyingine, mkwaju, kisha tarakimu au herufi moja ya mwisho. Namba hiyo ikiandikwa kwenye rejista ukurasa wa cheti hujitokeza mara moja. Mwenye kozi asiyeweza kuitoa anauza mafunzo ambayo huenda ni mazuri, lakini neno ngazi katika tangazo lake halina mdhibiti nyuma yake, na mwajiri wa shule ya chekechea anayetakiwa kisheria kuajiri watu wenye vyeti vinavyotambulika hatalikubali. Ndugu yangu hakulipa.

Kasoro ya rejista ni utafutaji wake. Imejengwa kwa ajili ya watu wa fani, si kwa mzazi. Ukiandika jina la somo tu, unapata mlolongo wa matokeo kutoka bodi mbalimbali, ya zamani na ya sasa, yenye majina yanayofanana neno kwa neno isipokuwa moja. Ndiyo maana nashauri kutafuta kwa namba, ambayo shule au chuo kinaweza kuitoa bila shida na mara nyingi huchapishwa kwenye maelezo ya kozi. Vilevile inafaa kujua mipaka yake: inashughulikia England na Ireland ya Kaskazini; Wales ina hifadhidata yake, inayosimamiwa na Qualifications Wales, mdhibiti aliyeanza kazi 2015; na shahada za vyuo vikuu hazimo, kwa sababu vyuo vikuu vina mamlaka ya kisheria ya kutoa shahada zao bila kupitia Ofqual. Asiyelijua hili anaweza kutafuta shahada halali, aikose, na aingiwe na hofu bure.

Huduma ya tatu, kikokotoo cha UCAS, ndiyo inayopendwa na vijana, na sababu inaeleweka: unachagua aina ya cheti, unachagua daraja, na jumla inaonekana. Kwa A-Level, A* ni pointi 56, A ni 48, B ni 40, C ni 32, D ni 24 na E ni 16. Uzuri wake ni kwamba unaunganisha ukubwa na daraja katika hesabu moja. Mwanafunzi mwenye B, B na C ana pointi 112. Mwenye Extended Diploma ya BTEC yenye Distinction moja na Merit mbili (ni madaraja, Distinction ikiwa juu ya Merit) naye ana pointi 112. Aliyepata Merit katika T Level ana 120, sawa na B tatu. Na ule mtihani wa muziki wa daraja la 8 ambao jedwali la ngazi liliuweka pamoja na A-Level hutoa, kwa mpigaji ala aliyepata Distinction, pointi 30, chini kidogo ya C moja ya A-Level. Hapa ndipo mtu anapoyaona kwa macho yale ambayo sentensi moja ya GOV.UK haikuweza kuyaeleza.

Lakini namba zinavutia, na mvuto huo unaweza kupotosha. Vyuo vikuu vingi, hasa kwa kozi zenye ushindani, havitoi masharti kwa pointi bali kwa madaraja na masomo mahususi. Kozi ya uhandisi inayodai A, A na B pamoja na A katika hisabati haitamkubali mwenye pointi zilezile zilizokusanywa kwa masomo mengine. GCSE hazina pointi kabisa, kwa kuwa pointi hutolewa kwa vyeti vya kiwango cha ngazi ya 3, lakini haimaanishi kwamba hazitazamwi: ualimu wa shule za msingi huko England, kwa mfano, hudai daraja la 4 la Kiingereza, hisabati na sayansi, hata mwombaji awe na shahada nzuri kiasi gani. Tena pointi za AS, cheti kidogo kuliko A-Level, hazijumlishwi na za A-Level ya somo hilohilo. Tangu mageuzi yaliyoanza 2015, AS ya England ni cheti kinachojitegemea ambacho hakichangii A-Level, ilhali huko Wales na Ireland ya Kaskazini AS bado huchangia asilimia 40 ya matokeo ya mwisho. Kikokotoo kinapaswa kutumiwa baada ya kusoma masharti ya kozi yenyewe, na kamwe kisitumiwe badala yake.

Uskoti unahitaji tahadhari ya peke yake, na hapa huduma zote tatu, kwa maoni yangu, zinazungumza kwa sauti ndogo mno. Mfumo wake, SCQF, una ngazi 12, na namba zake hazilingani na zile za England. Mtihani wa Higher, ambao ndio wanafunzi wa Uskoti huutegemea kuingia chuo kikuu, upo ngazi ya 6 ya SCQF, ambayo inalingana na ngazi ya 3 ya England. National 5 ipo ngazi ya 5 ya Uskoti na inalingana na ngazi ya 2 ya England. Shahada ya heshima ipo ngazi ya 10. Mwajiri wa Leeds anayesoma maombi ya kijana wa Glasgow yaliyoandikwa ngazi ya 6 anaweza kudhani ameandikiwa shahada, na kijana akaonekana mdanganyifu ilhali amesema kweli. Nawashauri wote waliosoma Uskoti waandike jina la cheti kwanza, kisha jina la mfumo, ndipo namba ya ngazi ifuate. Kikokotoo cha UCAS kinazitambua Higher na kuzipa pointi zake, A ikiwa na 33, na Advanced Higher ikifika 56 kwa A, sawa na A* ya A-Level.

Kwa aliyesoma nje ya Uingereza, ukurasa wa GOV.UK humwelekeza kwa UK ENIC, taasisi iliyokuwa ikiitwa UK NARIC, ambayo hutoa taarifa ya ulinganisho wa cheti cha kigeni na ngazi za Uingereza. Huduma hiyo ni ya kulipia, kwa hiyo haimo katika tathmini hii. Ninachoweza kusema ni kwamba kabla ya kuilipia, mtu aulize chuo au mwajiri kama anaihitaji kweli, maana vyuo vikuu vingi vina orodha zao za ulinganisho wa vyeti vya kigeni na havidai taarifa hiyo.

Walionufaika na ukurasa wa GOV.UK kuliko nilivyotarajia ni watu wazima waliosoma Uingereza miaka mingi iliyopita. Kabla ya GCSE kufanywa kwa mara ya kwanza 1988, wanafunzi walifanya O-Level, iliyoanzishwa 1951, au CSE, iliyokuja 1965 kwa ajili ya wale ambao shule hazikuwaandikisha O-Level. Ukurasa unavitambua vyote viwili: O-Level ya A, B au C ni ngazi ya 2, na vivyo hivyo CSE ya daraja la 1. Nimewahi kumwona mama mtu mzima, mhudumu wa wazee kwa miaka mingi, akisoma mstari huo kwa kidole na kugundua kwamba CSE yake ya daraja la 1 ya Kiingereza ilikuwa inatosha kwa kozi aliyotaka, bila kurudia mtihani wowote.

Kilichobaki kwake kilikuwa kukithibitisha cheti kilichopotea, na hapo GOV.UK ina ukurasa mwingine, unaohusu vyeti mbadala, ambao unastahili kutajwa. Bodi nyingi za zamani zimeunganishwa: Edexcel iliundwa 1996 kwa kuunganisha BTEC na bodi ya London, OCR ikaundwa 1998 kutokana na bodi za Oxford, Cambridge na RSA, na AQA ikaundwa 2000. Ukurasa huo unaonyesha bodi ipi ya sasa inatunza kumbukumbu za bodi ipi ya zamani. Maombi hupelekwa kwa bodi yenyewe, pamoja na ada na uthibitisho wa utambulisho, na mwombaji anatakiwa kutaja jina alilolitumia wakati wa mtihani, mwaka, na shule aliyofanyia. Ni bodi inayoamua kama itatoa cheti mbadala au taarifa rasmi ya matokeo. Vyuo na waajiri kwa kawaida huipokea ya pili bila kinyongo, ila ni vyema kuwauliza kabla ya kulipa.